Padi ya Waya: Ilikotoka na Namna ya Kuichagua

Ndugu wanachama na wanafunzi wenzangu wa zamani,

Katika kikao cha matayarisho ya mkutano wetu wa mwaka huu, utakaofanyika Mtoni, ilizuka hoja ambayo wengi wetu tulidhani ingemalizwa kwa dakika tano, nayo ikala saa nzima. Kamati ilipendekeza kwamba sehemu ya michango yetu inunuliwe padi nne za kuchezea gemu za zamani. Padi hizo zitumike siku ya mkutano, na baadaye wakabidhiwe wanafunzi wa skuli yetu kwa ajili ya klabu yao ya kompyuta. Kwa wazee wetu ambao huenda neno hili likawa geni kwao, padi ni kile kidude kinachoshikwa kwa mikono miwili, chenye vitufe vya kumwendesha mchezaji aliyemo ndani ya kioo cha televisheni. Shabaha yenyewe haikupingwa na mtu. Mzozo ulikuwa juu ya aina: zenye waya au zisizo na waya, za kampuni ya asili au za kuigiza, za vitufe viwili au sita. Mwenyekiti akanitaka niandike maelezo ya historia, ili wanachama waamue wakiwa na elimu ya jambo lenyewe.

Mimi ni mtumishi wa Serikali, na kazini tumezoea kuandika sifa za kitu kabla ya kuuliza bei yake. Basi nitafuata utaratibu huo huo hapa. Nitasema mapema ninaloliamini: padi ya waya ndiyo inayotufaa, na katika kuichagua tusitafute jina lililochapwa juu yake, bali tutazame kazi ya kila sehemu. Kila sehemu ya padi ilizaliwa na swali lililomkabili fundi fulani, mwaka fulani. Mtu akilijua swali, muuzaji hatamdanganya kwa jibu.

Kuchagua chombo cha mchezo si elimu ngeni kwetu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mzee anayekwenda kununua bao huanza kwa kupitisha vidole ndani ya mashimo, aone kama kete zitachoteka kwa mkupuo mmoja. Mnunuzi wa ubao wa keram hunyunyiza poda, akapiga kete moja kutoka pembe hadi pembe, akasikiliza inavyoteleza. Dhumna hupimwa kwa kugongwa mezani. Hakuna hata mmoja katika hawa anayenunua kwa kutazama rangi. Padi nayo ni chombo cha mkono, na kanuni yake ni ile ile.

Mashine ya kwanza ya gemu za nyumbani iliyouzwa madukani ilikuwa Odyssey ya kampuni ya Magnavox ya Marekani, iliyotoka mwaka 1972 kutokana na kazi ya mhandisi Ralph Baer. Vishikio vyake vilikuwa visanduku vya kuweka mezani, vyenye visu vya kuzungusha kama vile vya kutafutia stesheni katika redio, na kila kimoja kilifungwa kwenye mashine kwa waya. Mwaka 1977 kampuni ya Atari ilitoa mashine yake mashuhuri ya VCS, ambayo kishikio chake kilikuwa na fimbo ya kusukuma pande zote na kitufe kimoja chekundu. Fimbo ile iliwafurahisha watu, lakini ilitaka kiganja kizima: mkono mmoja ushike kisanduku na mwingine uitikise fimbo. Tena ilikuwa imesimama juu, kwa hiyo ilikuwa rahisi kuvunjika.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na Mjapani mmoja, Gunpei Yokoi, fundi wa kampuni ya Nintendo. Yeye ndiye aliyebuni vile vigemu vidogo vya mfukoni vilivyoitwa Game & Watch, vilivyoanza kuuzwa mwaka 1980. Mwaka 1982 ulipofika wakati wa kutengeneza kigemu cha Donkey Kong, ambacho kilikunjwa kama kitabu, Yokoi alikabiliwa na taabu iliyo wazi: fimbo isingekubali kukunjwa. Akaweka mahali pake kitufe bapa chenye umbo la alama ya jumlisha, kinachobonyezwa juu, chini, kushoto na kulia kwa dole gumba peke yake. Wasomaji wangu, karibu kila padi mliyowahi kuishika ina uzao wa kitufe kile.

Tarehe 15 Julai, 1983, Nintendo ilitoa nchini Japani mashine iliyoitwa Famicom, kazi iliyoongozwa na mhandisi Masayuki Uemura, ikiuzwa kwa yeni 14,800. Padi zake mbili zilichukua kitufe cha jumlisha upande wa kushoto, na upande wa kulia zikawa na vitufe viwili, A na B. Katika mashine za mwanzo vitufe hivyo vilikuwa vya mpira na vya mraba. Ikaonekana kwamba pembe za mraba zilinasa, na kampuni ikageukia vitufe vya mviringo vya plastiki ngumu. Padi ya kwanza ilikuwa na vitufe vya kuanzisha na kusimamisha gemu. Ya pili haikuwa navyo, bali ilipewa kipaza sauti. Kwa hiyo aliyeshika padi ya pili, ambaye aghalabu alikuwa mdogo wa nyumba, hakuwa na amri ya kusimamisha mchezo hata akiitwa na mama yake.

Waya wa padi zile ulitoka moja kwa moja ndani ya mashine na haukuchomolewa. Ndani ya padi mlikuwamo chembe moja ndogo ya elektroniki, ambayo kazi yake ni kuzikusanya habari za vitufe vinane na kuzipeleka moja baada ya nyingine katika uzi mmoja. Ndiyo maana waya mwembamba wenye nyuzi tano tu uliweza kubeba kazi ya vitufe vyote. Mashine ilipopelekwa Marekani mwaka 1985 kwa jina la NES, padi zilipewa plagi ili ziweze kuchomolewa na kubadilishwa. Jambo hili tulikumbuke, maana nitalirejea.

Sasa tutazame ilikuwaje chombo hiki kikafika kwetu. Gemu za aina hii haziwezekani pasipo televisheni, na Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu mwaka 1973, ilhali Bara vituo vya televisheni vilianza mwaka 1994. Kwa hiyo kioo kilikuwapo Unguja miaka mingi kabla ya gemu. Kilichokosekana ni bidhaa. Bei ya karafuu ilipoanguka, miaka ya mwanzo ya 1980 ikawa ya dhiki. Kuanzia mwaka 1984, Mzee Ali Hassan Mwinyi aliposhika urais wa Zanzibar, milango ya biashara ilianza kufunguliwa. Wafanyabiashara wakaenda Dubai na kurudi na redio, pasi, feni na televisheni, na maduka ya Darajani na Mchangani yakajaa vitu ambavyo watu wa Bara walivuka bahari kuja kuvinunua. Miongoni mwa mizigo hiyo zikaja mashine za gemu.

Lakini mashine zilizotufikia wengi wetu hazikuwa za Nintendo. Zilikuwa za kuigiza, zilizotengenezwa Taiwan, Hong Kong na baadaye China. Mafundi wa huko walikuwa wameweza kuiga kazi ya Famicom nzima na kuitia katika chembe chache, kisha katika chembe moja. Mashine hizi zilienea duniani pale ambapo kampuni yenyewe haikujali kufika. Nchini Urusi iliyouzwa kwa wingi kuanzia mwaka 1992 iliitwa Dendy, na nchini Poland iliitwa Pegasus. Kwetu ilikuwa ni "gemu" tu. Ilichomekwa katika tundu la antena la televisheni, kaseti moja ilikuwa na gemu nyingi zilizorudiwarudiwa kwa majina tofauti, na padi zake zilikuwa nyepesi kama ganda la kiberiti.

Kwetu Mtoni, miaka ya mwanzo ya 1990, nyumba yenye gemu ilijulikana kwa wingi wa ndara mlangoni. Ndani tulikaa mkekani kwa zamu, wawili wanacheza na kumi wanatoa amri. Waya ulikuwa mfupi, kwa hiyo wachezaji walikaa mbele kabisa, bega kwa bega, na aliyefungwa alimkabidhi padi aliye nyuma yake. Wengi wa rafiki zangu wa leo, pamoja na wale walioko Maskati, London na Toronto, nilijuana nao pale mkekani kabla hatujakutana darasani.

Nimeyataja haya kwa sababu katika kikao chetu ndugu mmoja alishikilia kwamba tukinunua padi za zamani, basi tununue "za asili," yaani zenye umbo na jina la kampuni ya Kijapani. Namheshimu, lakini historia haimuungi mkono. Asili ya kampuni ni moja, na asili yetu sisi ni nyingine. Zama zetu za zamani zilikuwa za nakala kutoka Dubai, na kuona haya juu ya jambo hilo hakuna maana. Baba zetu walisikiliza taarabu katika kaseti zilizonakiliwa na zilizonakiliwa tena, na bado waliijua sauti njema na mbovu. Nakala zina nzuri na mbaya, na vya asili navyo vilikuwa na kasoro, kama vile vitufe vya mraba vilivyonasa. Kwa hiyo jina halitoshi kuwa kipimo.

Baada ya Famicom padi iliendelea kukua. Mwaka 1990 mashine ya Super Famicom ilileta vitufe vinne upande wa kulia na viwili zaidi mabegani, vya kubonyezwa kwa vidole vya shahada. Gemu ya ngumi ya Street Fighter II, iliyotoka mwaka 1991, ilitaka vitufe sita, vitatu vya ngumi na vitatu vya mateke, na mwaka 1993 Sega ikatoa padi ya vitufe sita kwa mashine yake ya Mega Drive. Desemba 1994 Sony ilitoa PlayStation yenye alama za pembetatu, duara, mkato na mraba, na mwaka 1997 ikaongeza fimbo mbili ndogo na mtetemo. PlayStation 2 ya mwaka 2000 ndiyo iliyotawala vibanda vya gemu mitaani kwetu kwa miaka mingi, na padi zilizouzwa pamoja nayo zilikuwa za waya.

Waya ulianza kuondoka baadaye. Nintendo ilitoa padi ya redio iitwayo WaveBird mwaka 2002, na mashine za Xbox 360 ya mwaka 2005 na PlayStation 3 ya mwaka 2006 zikaifanya padi isiyo na waya kuwa ya kawaida. Ikadhaniwa habari ya waya imekwisha. Kumbe mwaka 2016 Nintendo ilitoa NES ndogo ya ukumbusho, yenye padi za waya kama zile za zamani, na ikanunuliwa kwa pupa. Lawama kubwa ya wanunuzi ilikuwa kwamba waya wake haukufika hata mita moja. Tangu hapo kampuni mbalimbali, kama vile 8BitDo ya China, zimekuwa zikitengeneza padi mpya za sura ya zamani zinazochomekwa katika tundu la USB la kompyuta. Hizo ndizo tunazozizungumzia.

Je, kwa nini tuchague waya? Sina ugomvi na padi zisizo na waya. Nzuri zake zinafanya kazi barabara. Lakini tufikirie zinakokwenda. Betri za aina hii huchakaa kwa umri hata zikikaa kabatini, na likizo za skuli ni ndefu. Padi nne maana yake ni betri nne za kuchajiwa, na mtu wa kukumbuka kuzichaji. Padi ya waya hula umeme kidogo kutoka katika kompyuta yenyewe, na siku itakayotolewa kabatini itafanya kazi siku hiyo hiyo.

Hata hivyo, waya nao una hatari yake, na sisi wa Mtoni tunaijua. Kuanzia mwaka 1980 umeme wa Unguja ulitoka Bara kwa waya mmoja uliopita chini ya bahari, ukatua Fumba na kufika katika kituo cha Mtoni. Mwaka 2008 ulipoharibika, kisiwa kilikaa gizani kwa muda wa mwezi mmoja hivi, na kuanzia Desemba 2009 kikakaa tena gizani kwa miezi mitatu. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013. Funzo lake ni jepesi: unapotegemea waya mmoja, hakikisha unaweza kuubadilisha. Kwa padi, hii ina maana tuitafute yenye waya unaochomoleka pande zote mbili, ili ukikatika ununuliwe waya peke yake. Isipopatikana, basi pale waya unapoingia katika padi pawe na mkono wa mpira wa kuuzuia usikunjwe, kwa sababu aghalabu hapo ndipo nyuzi hukatikia.

Sasa nieleze sifa nyingine, kwa utaratibu.

Kwanza, umbo lifuate gemu. Kwa gemu za zama za Famicom vitufe viwili vinatosha, lakini klabu ya wanafunzi itataka zaidi. Padi yenye vitufe vinne na vya mabegani, mtindo wa mwaka 1990, hucheza gemu za vitufe viwili vilevile, ilhali ya vitufe viwili haiwezi kucheza za nne. Nashauri hiyo.

Pili, kitufe cha jumlisha. Hapa ndipo padi rahisi hufeli. Katika padi njema kitufe hiki huegemea kitovu cha katikati, kwa hiyo ukibonyeza upande mmoja, upande wa pili huinuka. Katika padi mbovu hubonyea chote, na ukienda kulia mchezaji hurukaruka au huinama. Kipimo chake ni kushikilia kulia huku ukitikisa dole gumba kidogo juu na chini. Kompyuta za Windows zina dirisha la kupimia padi, ambalo huonyesha kila kitufe kinapobonyezwa. Tumwombe muuzaji alifungue mbele yetu.

Tatu, vitufe vingine. Chini ya vitufe vya mtindo huu huwa na utando wa mpira wenye vidoto vyeusi vinavyogusa bati la elektroniki. Mpira mzuri hurudi juu mara moja, na ule mbaya hubaki umezama. Kila kitufe kibonyezwe kwa ukingo wake, si katikati tu, kionekane hakinasi.

Nne, plagi. Tununue za USB peke yake. Padi nyingi za zile mashine zetu za kuigiza zilikuwa na plagi ya pini tisa, inayofanana kabisa na ya Atari na ya Sega, lakini nyuzi zake zimepangwa vingine. Kuingia tunduni si kukubaliana. Mwanachama mwenye padi ya zamani nyumbani asiilete akidhani itafaa kwa sababu plagi inaingia.

Tano, kasi. Kuna ndugu walioogopa kwamba padi za USB huchelewa. Mashine iliyotengenezewa televisheni za mtindo wetu ilichora picha 50 kwa sekunde na kwa kawaida gemu ilisoma padi mara moja kwa kila picha, yaani kila baada ya sehemu 20 katika elfu za sekunde. Padi ya kawaida ya USB husomwa takriban mara 125 kwa sekunde, yaani kila baada ya sehemu 8 katika elfu. Ukichelewa, mara nyingi lawama ni ya televisheni bapa inayopamba picha kabla ya kuionyesha. Dawa yake ni kuiweka katika hali ya gemu.

Sita, na kwangu hii ndiyo kubwa, padi ifunguke kwa bisibisi. Iliyogundishwa kwa gundi ikiharibika hutupwa. Yenye skrubu hufunguliwa, ikasafishwa vidoto vyake, mpira ukabadilishwa. Wanafunzi wa klabu ya kompyuta wakiweza kuifungua na kuifunga, watakuwa wamejifunza jambo ambalo sisi tulijifunza kwa kujificha, kwa kisu cha jikoni. Na urefu wa waya uwe mita mbili au zaidi: mrefu wa kutosha mzee akae kitini, lakini usizidi sana, wachezaji wawili wakae karibu na wazungumze.

Ndugu wanachama, fedha zinazojadiliwa si nyingi, lakini zimetoka kwa watu wa namna mbalimbali, na miongoni mwao wamo wastaafu waliochanga kabla yetu sisi tulio kazini. Haitakuwa heshima kwao tukikabidhi skuli vitu vitakavyokufa kabla ya muhula kwisha. Kwa hiyo napendekeza zinunuliwe padi nne za USB zenye waya, vitufe vinne na vya mabegani, zinazofunguka kwa skrubu. Zipimwe moja moja dukani mbele ya wajumbe wawili wa kamati. Ziongezwe nyaya mbili za akiba na bisibisi moja. Na jina la kampuni lisiwe sharti.

Naomba kutoa hoja.